Mzee, Unatafuta Nani?

Anayekwambia Kericho ni kuzuri hakudanganyi, ila muulize aliionea wapi. Wengi wanaoisifu waliiona kupitia dirisha la gari: chai imekatwa ikasawazishwa, blugamu zimejipanga kando, ukungu umekaa juu yake. Wakapiga picha, wakaendelea na safari yao ya Kisumu. Ukiwa garini huwezi kujua kwamba chai ile haikupandwa uwandani. Maji yanayoteremka kutoka msitu wa Mau kuelekea Ziwa Victoria yameichana nchi hii tangu enzi na enzi, na kila mto, uwe Itare, Kiptiget, Chemosit au Kipsonoi, umejichimbia korongo lake kabla ya kukutana na wenzake na kuwa Sondu. Barabara zilichorwa na watu wenye akili, kwa hiyo hufuata migongo ya vilima. Vijia vilichorwa na watu wenye haraka, kwa hiyo hukata mabonde. Mimi hukimbia vijiani.

Nimezaliwa Kisauni, Mombasa. Kwetu mlima ni daraja la Nyali, na hilo nalo tulilipanda kwa matatu. Kazi ndiyo iliyonileta Litein, huku huku Kericho, karibu mita 2,000 juu ya ile bahari niliyoizoea, nikajikuta nahema kwa kufunga kamba za viatu. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu ambaye mji mzima unamwita Mwalimu tu, kana kwamba shule zote za huku Bureti zilikuwa na mmoja. Alinihurumia. "Damu yako bado ya pwani," akasema. "Ipe muda, itajifunza." Damu ikajifunza kweli. Magoti ndiyo yaliyokataa shule.

Vilima peke yake vingevumilika. Kinachomvunja mtu moyo ni sifa za mahali penyewe. Nishani ya kwanza kabisa ya Olimpiki kuletwa Kenya ilikuwa shaba ya mita 800, Tokyo, 1964, na aliyeileta ni Wilson Kiprugut Chumo, mtoto wa Kericho. Miaka minne baadaye akaongeza fedha kule Mexico. Robert Kiprono Cheruiyot wa Bomet alishinda marathoni ya Boston mwaka 2010 kwa saa 2:05:52, na hakuna mtu aliyewahi kuimaliza njia ile upesi hivyo kabla yake. Halafu yuko Beatrice Chebet, mzaliwa wa Londiani, aliyekimbia mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 54 mwezi Mei 2024. Mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 29. Kwa muda huohuo mimi huwa nimetoka nyumbani, nimepita kwa fundi wa baiskeli, na nimesimama mahali nikijifanya naangalia mandhari.

Katika nchi ya namna hiyo, mwanamume wa makamo aliyevaa kaptura hawezi kuwa anakimbia tu. Lazima atafutiwe maelezo. Watu wa huku wanajua kukimbia ni kazi kama ualimu au uchumaji wa chai: una kocha, una kambi, una mashindano, na ukijaliwa unarudi kujenga nyumba za kupangisha mjini. Asiye na kambi, na kasi yake ndiyo ile, basi amepotelewa na ng'ombe, au kuna mgonjwa nyumbani. Nimesimamishwa na waendesha boda boda walionionea huruma wakaniambia nipande bure. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia kabichi alitupa jembe akauliza ni nani amefariki.

Lakini aliyenimaliza ni msichana wa shule, wa darasa la tano hivi, aliyevaa gambuti za babake na kubeba mtungi wa maziwa. Tulikuwa tunapanda mlima mmoja, mimi nakimbia, yeye anatembea, na tulikwenda bega kwa bega kwa muda ambao haukuwa na heshima kwangu.

"Mzee, unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu. Nafanya mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya afya."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye raba, akafikiri. "Pole," akasema, kwa sauti ile tunayoitumia matangani. Kisha akaona amechelewa, akakimbia. Na mtungi wake. Gambuti zilimpwaya, maziwa hayakumwagika hata tone.

Nina saa ya mkononi inayopima kasi, umbali na mapigo ya moyo, zawadi ya shemeji yangu aliyeko Dubai, mahali ambapo hata kilima hununuliwa. Saa hiyo imeundwa kwa namna kwamba mtu akisimama, nayo inasimama, ili asijipunjie hesabu. Basi kila nikifika kwenye mwinuko, nimekunja ngumi, jasho linanichuruzika, inalia: umepumzika. Nilijaribu kuitikisia mkono ione kwamba kuna juhudi. Ikaamini kidogo, ikaandika mita nne, ikalia tena.

Umbali wenyewe ni suala la imani. Ramani ya simu huonyesha mstari mfupi kutoka mgongo mmoja wa kilima hadi wa pili, haitaji kwamba kati yao kuna shimo. Mwalimu hana habari na kilomita. Yeye hupima kwa vituo vya majani. Wakulima wadogo wa chai huku, wale wanaouza kupitia viwanda vinavyosimamiwa na shirika la chai la KTDA, hupeleka majani yao kituoni, kwenye banda la mabati lenye mizani, nalo lori la kiwanda huja kuyachukua. Mabanda hayo yametapakaa kila upande, na kwa Mwalimu ndiyo dunia inavyogawanyika. "Kwenda kule ni vituo viwili," atakwambia. "Ukiona cha tatu umeshapita." Kipimo hiki kina ukweli ambao saa yangu haina, maana kituo hujengwa mahali ambapo mtu aliyebeba majani mgongoni anaweza kufika bila kukata roho. Ukimuuliza ni dakika ngapi, atakuuliza: umebeba nini?

Nilimsimulia siku moja kwamba huko Uswisi kuna mbio za milimani kutoka Sierre hadi Zinal, kilomita 31, na kwamba Wakenya huzishinda. Nikamtajia Lucy Wambui Murigi, bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 na tena 2018. Alifurahi sana kusikia habari za dada huyo. Kisha akauliza washiriki hubeba nini.

"Hawabebi kitu, Mwalimu. Maji kidogo tu."

"Wanapanda mlima mikono mitupu?"

"Ndiyo. Na wanalipa kujiandikisha."

Akaweka kikombe chini. Chai ya Mwalimu ina maziwa mengi na moshi kidogo, na si kawaida yake kuiacha ipoe. "Marehemu mama yangu," akasema, "alipanda kile kilima pale kila siku na kuni kichwani, na hakuna aliyemdai hata senti. Hao watu waelekeze huku. Bei yangu itakuwa nafuu, na kuni nitawapa."

Mtu akiitazama chai kwa mbali hudhani kuna njia za kukimbilia katikati yake. Hakuna. Mchai kwa asili ni mti. Ukiachwa utakwenda juu mita kadhaa, na ni kuchumwa mfululizo na kupogolewa kila baada ya miaka michache kunakouweka usawa wa kiuno. Kwa kuwa haukubaliwi kurefuka, hulipiza kisasi kwa kutanuka. Matawi ya mstari huu hushikana na ya mstari ule, na nafasi inayobaki inamtosha mchumaji mmoja, tena aendaye upandeupande, amejifunga karatasi la nailoni kiunoni asilowe wala asichubuke. Mchumaji hutembea. Hujaona mchumaji anakimbia, na ukiingia humo na kaptura utaelewa sababu kabla hujafika katikati. Aliyeko barabarani huona kiwiliwili kinaelea juu ya majani, kikilaani kwa Kimvita. Na hiyo ni chai nzima. Shamba lililopogolewa juzi halina majani, lina visiki vyenye ncha, kwa maelfu, vyote vimeelekezwa juu, na kila kimoja kinajua goti lako lilipo.

Chai ya makampuni makubwa ina afadhali. Humo mna barabara pana zilizochongwa, na kila kipande cha shamba kina kibao chake na namba. Ina askari pia, getini.

"Unaenda wapi?"

"Upande wa pili."

"Kufanya nini?"

"Kurudi."

Askari huyu alikuwa mtu wa makini, hakutaka kunikatalia kwa pupa. "Uende upande wa pili, ili urudi?"

"Ndiyo, afande."

"Basi hesabu umesharudi." Akafunga geti, kwa upole kabisa.

Nilisimama pale nikisoma kibao. Enzi za ukoloni ardhi ya namna hii ilikodishwa kwa miaka 999, mpaka Katiba ya 2010 ilipoamua kwamba asiye raia asipewe zaidi ya 99. Mimi nilikuwa naomba robo saa. Familia za Wakipsigis ambazo wazee wao waliondolewa ili chai ipandwe hazioni kichekesho chochote katika namba hizo, na zina haki. Ila nilipomsimulia Mwalimu, alicheka hadi akakohoa. "Robo saa!" akasema. "Ungeanza na miaka hamsini, mngeelewana."

Kwa hiyo nikarudi kwenye vijia vya wakulima wadogo, ambako hakuna geti bali kuna ng'ombe. Chini ya kila bonde kuna kijito, na juu ya kijito kuna daraja la magogo mawili au matatu, lenye utelezi uliokomaa. Sheria ya daraja ni kwamba aliyetangulia kukanyaga ndiye mwenye njia. Sheria hiyo ng'ombe hajasomewa. Tulikutana katikati, yeye anakwenda na mimi naja, na mtoto aliyekuwa nyuma yake akiwa na fimbo akaniambia kwa adabu kubwa, "Mzee, rudi wewe. Yeye hajui kurudi nyuma." Niligeuka kwa heshima zote. Nusu ya heshima hizo zilibaki juu ya daraja, nusu tukazifuata majini.

Basi kuna Jumamosi moja, baada ya adhuhuri, nilipoazimia kuvuka bonde la kusini mpaka upande wa Bomet, vituo vitatu kwa hesabu ya Mwalimu. Alinitazama, akatazama mbingu za magharibi, akasema tu, "Uwahi." Nilidhani ananitakia heri.

Mvua za huku zina ratiba. Upepo unaotoka Ziwa Victoria hupanda mchana, ukakutana juu ya vilima hivi na upepo wa mashariki, vikasukumana kwenda juu, na ifikapo alasiri mambo huharibika. Ndiyo maana chai inastawi, kwa mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo maana pia Kericho imo katika orodha ya mahali panaponyeshewa mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mawe hayo huikata chai vibaya, na miaka ya 1960 ilijaribiwa dawa ya kijeshi: mawingu yalipigwa roketi. Zilirushwa kutoka mashambani humu, zikalipuka juu. Mawingu, nijuavyo mimi, bado yapo.

Halafu akaja mtafiti Russell Schnell na nadharia ambayo siku ile ilinihusu mimi binafsi. Mwaka 1982 yeye na mwenzake walichapisha kwamba vumbi la majani makavu ya chai, yale yaliyooza chini ya michai ya Kenya, lina uwezo wa ajabu wa kugandisha maji. Wazo lao lilikuwa kwamba wachumaji wakipita shambani hulitimua vumbi hilo, likapanda na hewa, mawingu yakalipokea, likarudi chini likiwa barafu. Sasa huyo ni mchumaji, anayetembea taratibu. Fikiria mtu wa kilo tisini na kitu akipita humo mbio, anaburuta miguu, anapiga teke kila rundo la majani makavu. Nilikuwa natengeneza mvua ya mawe kwa bidii zote, kisha naikimbilia niwe chini yake.

Ikaanza nikiwa nimefika juu ya mgongo wa pili. Punje moja ilipiga kibao cha shule, ikalia. Ya pili ikanipata sikioni. Kisha ikamwagwa yote kwa pamoja, nyeupe, na chai ikaanza kunukia, ile harufu mbichi ya majani yaliyopondwa ambayo mahali pengine mtu angeilipia. Blugamu hazifai kwa hifadhi, ni ndefu na bahili. Nikaliona banda la kituo cha majani, nikaingia kwa kasi ambayo saa yangu haikuinasa, kwa kuwa ilikuwa bado inaamini nimepumzika.

Ndani mlikuwa na watu wasiopungua ishirini na magunia yao ya majani, na wote walinyamaza.

"Chamgei," nikasema, maana hilo nalijua.

"Chamgei mising," wakaitika, halafu wakaendelea kungoja maelezo.

Karani alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni. Juu yake ilining'inia mizani yenye ndoana. Bibi mmoja, ambaye kila mtu alimwita Kogo, nyanya, aliinuka kutoka kwenye gunia lake akaja moja kwa moja. Alinishika mkono wa juu, akauminya, akaugeuza, akanishika na shavu, kama wanavyoyakagua majani mezani kabla ya kuyapima. Akasema neno kwa Kikipsigis. Banda likalipuka kwa kicheko hata mvua ikasikika kwa mbali.

"Anasemaje?" nikamuuliza karani.

Alijaribu kujizuia, maana yuko kazini. "Anasema majani haya yamekomaa sana. Kiwanda hakiyapokei."

"Wanapokea yapi?"

"Majani mawili na chipukizi, mzee." Akanitazama vizuri, kwa jicho la mtu anayejua kazi yake. "Wewe ni shina."

Mwingine akapendekeza nitundikwe ndoanani hata hivyo, kwa ajili ya kumbukumbu. Pakazuka mjadala wa kweli kuhusu nani angekatwa uzito wa maji, kwa kuwa nilikuwa nimelowa, na majani yaliyolowa huleta ugomvi vituoni. Mkulima mmoja akashikilia kwamba matope ya miguuni yahesabiwe kando. Kogo ndiye aliyewanyamazisha. Alinivika karatasi lake la nailoni mabegani, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa, akaniuliza kupitia kwa karani swali nililokuwa nikilitarajia.

"Anauliza ulikuwa unatafuta nani."

Nikasema nilikuwa nafanya mazoezi ya afya. Karani akatafsiri. Kogo alitikisa kichwa polepole, akaongeza sukari.

Mvua ilipokatika giza lilikuwa linakaribia, na barabara ya udongo mwekundu ilikuwa imegeuka kitu ambacho kina rangi ya barabara tu. Karani akampigia simu kijana wa boda boda. Alikuja akiteleza, mguu mmoja chini, akataja nauli ya kwenda Litein. Nikaikubali bila kubishana, jambo lililomtia wasiwasi. Tulishuka bonde la kwanza vizuri, yaani tulifika chini. Kwenye kupanda, gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka pale pale na kunirushia udongo mgongoni.

"Mzee, shuka kidogo usukume."

Nikashuka, nikasukuma. Pikipiki ikashika, ikaondoka, na kwa kuwa kijana alijua kwamba akisimama tu imekwisha habari yake, hakusimama. Ikabidi nimfuate nikishikilia chuma cha nyuma, mbio, magoti juu, karatasi la nailoni la Kogo likipepea. Watu walitoka majumbani kuangalia. Mtu mmoja alishangilia. Mkononi saa ikatikisika ikalia mlio ambao sikuwahi kuusikia, nikaitazama: nimevunja rekodi yangu ya mwinuko, hongera.

Tulipofika juu, kijana akazima injini anisubiri nivute pumzi. Nikamwambia kwamba kwa haki nauli ipungue, kwa sababu nusu ya safari nimekwenda kwa miguu, tena nikimbeba yeye.

"Nauli ni ileile, mzee," akasema. "Hiyo nyingine ulikuwa unafanya mazoezi."